Kampuni inataka shamba la ubavuni mwa nyumba yangu, na nasikia mwanangu ameshakula "chai" yao

SWALI

Assalaam alaikum mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 63, naishi Gezaulole, Kigamboni. Safu yako ananisomea mjukuu wangu kwenye simu, na hii barua anaiandika yeye huku mimi nikimtajia, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Mume wangu alifariki 2019. Ameacha nyumba tunayokaa na shamba la ekari mbili ubavuni mwa nyumba, alilolirithi kwa baba yake, mzee aliyelima hapa tangu enzi za kijiji cha ujamaa. Mbele ya shamba hilo, upande wa barabara, kuna ekari moja niliyoinunua mwenyewe 1998 kwa fedha za upatu na vitumbua. Karatasi ya mauziano ninayo, ina jina langu, mashahidi wanne na muhuri wa mwenyekiti wa wakati ule. Lakini kwa kuwa tulilima pamoja, yote tunayaita shamba la Baba. Kuna mihogo, mikorosho saba, minazi na mwembe dodo mmoja. Mume wangu amezikwa karibu na huo mwembe. Kisima chetu nacho kiko humohumo shambani.

Mwaka huu imekuja kampuni ya kupima na kuuza viwanja. Wanataka ekari zote tatu kwa shilingi milioni 150. Siku ya kusaini wananipa milioni 45, zilizobaki "viwanja vikishauzwa". Nikikataa hilo, wanasema watapima kwa gharama zao tugawane viwanja, mimi 55 kwa mia, wao 45. Ng'ambo ya barabara wameshaweka bango lao, shilingi 25,000 kwa mita ya mraba. Wanataka jibu ndani ya wiki mbili, na wanataka niwape karatasi yangu ya mauziano, ileile halisi, "wakaifanyie kazi".

Nina watoto watatu. Mkubwa anakaa Mbagala na familia yake, anasema niuze, mihogo haijamtajirisha mtu. Wa pili ni binti, ameolewa Temeke, akisikia habari hizi analia. Wa mwisho yuko chuo mwaka wa pili, yeye anasema lolote tutakaloamua sawa. Mkubwa ndiye aliyeteuliwa msimamizi kwenye kikao cha arobaini, ila mahakamani hatukwenda. Juzi shemeji yangu amenong'onezwa kwamba mwanangu ameshapokea milioni mbili za "chai" kutoka kwa hao watu. Sijamuuliza. Naogopa jibu.

Halafu kuna kigingi. Nilitoka kliniki ya presha nikakikuta kimepigiliwa kati ya kisima na kaburi, kina rangi nyekundu kichwani. Sikumruhusu mtu kupima. Mjukuu wangu amekigeuza cha kufungia mbuzi.

Sisemi kwamba sitaki kuuza kabisa. Bati linavuja, ada ya huyu wa mwisho inanikaba, na Hija tuliyoipanga na marehemu bado iko moyoni. Lakini jioni nikikaa barazani naliona shamba lote mpaka kwa jirani. Nikishauza, nitakuwa natazama nini?

Mama wa Gezaulole


JIBU

Waalaikum salaam Mama, na shikamoo. Mwambie mjukuu nimeona makosa mawili tu, na yote nimeyasahihisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili za mwanzo nilikuwa natafuta kalamu nipige hesabu ya bei. Mara ya tatu nikakwama kwenye maneno uliyoyapita mbio: "mbele ya shamba hilo, upande wa barabara".

Mama, wewe huna shamba la ekari tatu. Kuna mashamba mawili yaliyolimwa kwa jembe moja. Ekari mbili za nyuma ni mirathi ya marehemu, na mirathi hiyo haijafunguliwa. Ekari moja ya mbele ni mali yako, umeinunua kwa jasho la karai. Wala hiyo moja si nyongeza kwenye zile mbili. Ndiyo mlango wake. Bila ekari ya vitumbua, zile za nyuma hazina pa kupitishia gari, na kiwanja kisichofikika kwa gari hakiuziki kwa 25,000 kwa mita. Hao vijana wenye ramani walilijua hilo kabla hawajapiga hodi. Ndiyo maana karatasi wanayoitaka ni yako.

Basi usiwape. Karatasi ya mauziano ya 1998 isiyo na hati nyuma yake ndiyo ushahidi wako wote, ikipotea umebaki na mashahidi wanne, na sijui wangapi kati yao bado wako hai. Nenda kwa wakili akutolee nakala na kuithibitisha kwa muhuri. Mnunuzi wa kweli ataisoma nakala, na akitaka kuiona halisi aje aione mezani kwa wakili wako, wewe ukiwa umeketi hapo.

Sasa zile ekari mbili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Tunachouziana sisi ni haki ya kuitumia na vilivyomo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi makini ni haki hiyo iko mikononi mwa nani. Kwa zile mbili, leo hii haiko mikononi mwa mtu anayeweza kuuza. Si wewe wala Mkubwa. Kikao cha arobaini kinapendekeza msimamizi, lakini anayemteua ni mahakama. Mnachukua muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha msimamizi anapewa barua yake. Kabla ya hapo sahihi ya Mkubwa kwenye mkataba wa mauzo ni wino tu. Mna miaka kadhaa mmeliacha hili, na siwalaumu, maana msiba ukiisha kila mtu hukimbilia shughuli zake. Ila kampuni inayokubali kusaini na familia isiyo na barua ya usimamizi ni ama haijui kazi yake, ama inaijua mno.

Kwa kuwa nyumba yenu ni ya Kiislamu, hesabu yake si ndefu. Nadhani wazazi wa marehemu walishatangulia. Kama ni hivyo, wewe mke una thumni, yaani moja ya nane, ambayo kwenye ekari mbili ni robo ekari. Inabaki ekari moja na robo tatu. Wavulana wawili na binti mmoja wanagawana mafungu matano, kila mvulana mawili, binti moja. Kila mvulana ana ekari 0.7, binti ana 0.35. Nyumba nayo inaingia kwenye hesabu hiyohiyo, usije ukasahau. Unaona sasa, huyo binti anayelia si mtazamaji. Ana zaidi ya theluthi ya ekari, na wakili yeyote makini ataitaka ridhaa yake kwa maandishi. Huyo wa chuo anayesema lolote sawa ana fungu sawa na la kaka yake, na ingefaa mtu amwambie.

Na ekari yako ya mbele haigawanywi na mtu. Itamke hivyo kwenye kikao, mapema, kwa sauti. Mkiendelea kuliita lote shamba la Baba, siku ya kuorodhesha mali mahakamani itaandikwa ekari tatu za marehemu, na vitumbua vyako vitakuwa vimeingia kwenye mirathi kwa mazoea ya ulimi.

Hiyo "chai" nimeiweka hapa kwa makusudi, baada ya hesabu, ili tuitazame tukiwa tumetulia. Milioni mbili zinaumiza, lakini si ndizo zitakazowafikisha kwenye Baraza la Ardhi. Sahihi ndiyo itakayowafikisha. Kwa hiyo ukikaa na mwanao usianze na pesa. Usimuulize kwenye simu, wala usimuulize peke yako usiku ukiwa umepandwa na presha. Mwite shemeji yako, huyo baba yao mdogo, keti naye barazani, kisha uliza swali moja: "Mwanangu, umesaini karatasi yoyote?" Akisema hajasaini, pesa ni deni lake na hao watu, wamalizane wao. Usijitwike kulirudisha, maana ukilirudisha wewe utakuwa umekiri kwamba lilikuwa lenu. Akisema amesaini, aonyeshe karatasi, na wakili wako aandike barua kwa kampuni kwamba aliyesaini hana mamlaka. Yawezekana pia hakupokea chochote. Kigamboni maneno ya madalali yanavuka maji haraka kuliko pantoni.

Haya, bei. Nitakuwa mkweli hata kama inaonekana nawatetea. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Tatu ni 12,141. Milioni 150 ukizigawa humo unapata kama shilingi 12,350 kwa mita, na wao bango lao linasema 25,000. Usikasirike bado. Ukikata barabara za ndani na maeneo ya wazi, tuseme robo ya eneo, zinabaki mita 9,100 hivi za kuuza. Kwa bei ya bango ni kama milioni 227. Katika tofauti hiyo watalipa mchoro wa mipango miji, mpima, mawe ya mipaka, greda, matangazo, madalali, na miezi ya kukaa wakisubiri wateja. Faida wanayo, lakini sioni wizi hapo.

Tatizo liko kwenye hilo neno "viwanja vikishauzwa". Tuchukulie viwanja vya mita 500, vitatoka kama 18, kila kimoja milioni 12 na nusu. Wakiuza vinne tu, milioni 45 walizokupa zimesharudi mfukoni mwao. Vilivyobaki 14 vinauzwa taratibu, wakati wewe huna shamba na unadai milioni 105 kwa watu wasio na tarehe ya kulipa. Yaani wananunua shamba lako kwa pesa ya shamba lako. Marehemu babu yangu aliuza ekari nne za Chamazi kwa mtindo wa "nusu sasa, nusu baadaye". Hiyo nusu sasa ilikuwa mabati na redio kaseti. Baadaye bado tunaisubiri, na redio ilishakufa.

Mgawano wa 55 kwa 45 ni bora zaidi, kwa masharti. Kwenye viwanja 18 wewe ungepata 10, wao 8. Inapendeza masikioni. Lakini viwanja vinane vya barabarani vinaweza kuwa na thamani kuliko kumi vilivyo nyuma kwenye bonde, na asilimia haisemi nani anapata viwanja vipi. Mkataba utaje namba ya kila kiwanja na mwenyewe, zikiwa zimechorwa kwenye ramani iliyoambatanishwa, na mchague kwa zamu, kimoja wewe kimoja wao, wewe ukianza. Wakikataa hilo tu, umeshapata jibu lako kuhusu wao.

Gezaulole mnajua kuliko mimi kupima kunafanya nini. Mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipita hapo kwenu. Udongo ulikuwa uleule, lakini ulipopata mchoro, mawe na namba ukawa kitu kingine sokoni, na daraja lilipofunguliwa 2016 bei ikapanda tena. Nimesikia kwamba jina la mahali penu ni Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Wazee waliolitoa walikuwa wanajaribu kilimo, na kilimo kikikataa mwaka huu unapanda tena mwakani.

Ningekuwa mwanao ningekushauri hivi.

Usiuze ekari tatu. Umenitajia shida tatu: bati, ada na Hija. Hakuna hata moja, wala zote kwa pamoja, inayohitaji shamba lote. Na Hija, Mama, wewe unajua kuliko mimi kwamba haiendewi kwa pesa yenye fungu la mtu mwingine ndani yake. Pesa ya zile ekari mbili kabla ya kugawanywa ina haki ya binti yako na ya huyo kijana wa chuo. Pesa ya ekari yako ni safi.

Kabla ya kiwanja chochote cha kuuza, kipimwe kiwanja cha nyumba. Na mpaka wake usogezwe uingize kisima, kaburi na mwembe, hata kama warithi watalazimika kukubaliana kupunguza mahali pengine. Kaburi likibaki ndani ya kiwanja cha mtu mwingine, siku moja utaomba funguo ya geti ili ukamsomee mumeo Yasini. Hili liwe la kwanza mahakamani na la kwanza kwa mpima. Mpima awe aliyesajiliwa, na mumlipe nyinyi, si wa kampuni. Kabla hajaanza, mtu aende Manispaa ya Kigamboni aulize ramani ya mipango miji inasemaje hapo kwenu. Mnakumbuka mpango wa Mji Mpya wa 2008 na miaka watu walivyokaa bila kujua wajenge au wasijenge. Si vizuri kuuza mahali ambapo ramani imechora barabara kuu au shule.

Kisha ekari yako. Ukitoa ile robo ya njia na maeneo ya wazi, zinabaki kama mita 3,000, viwanja sita vya mita 500. Hapo zungumza na kampuni hiyo, au nyingine, kwa ekari hiyo moja tu, kwa mgawano. Wakichukua vitatu kwa gharama za kupima, una vitatu vyako vyenye namba. Uza kimoja ukaezeke na kulipa ada. Uza cha pili ukipata nafasi ya Hija. Cha tatu kiache kikae. Hakili nyasi.

Ila kuna hatari moja kwenye njia hii, nayo ni kubwa: usiuze mlango ukabaki na chumba. Mchoro wa ekari yako lazima uache barabara halisi, ya gari, inayoingia mpaka nyumbani kwako na mpaka zile ekari mbili. Mita tisa au kumi, iandikwe kuwa barabara, si "njia kwa makubaliano". Makubaliano hufa na waliokubaliana.

Uliuliza utakuwa unatazama nini jioni. Nitakujibu kwa maji kwanza. Hukusema nyumba iko juu au chini ya shamba, lakini toka masika ijayo utazame maji yanakotokea. Leo yanapita kwenye mihogo, udongo unayanywa. Siku wakijenga watu 18, kila mmoja atajaza kifusi na kuzungusha ukuta, na maji yale yatatafuta aliye chini. Mtaro uchorwe kabla, kwenye mchoro uleule wa barabara. Hayo mengine ya barazani, kwa mpango huu utabaki unauona mwembe, kaburi, kisima, na nyuma yake mihogo ya wanao mpaka watakapoamua wenyewe. Upande wa barabara utaona kuta na matangi ya maji. Sikufichi.

Mengine kwa kifupi. Malipo yapitie benki, kwenye akaunti yenye jina lako, si mkoba. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na mkataba useme waziwazi nani anailipa, maana wanunuzi wengi huliacha hilo kimya. Serikali ya mtaa wakikuomba ile asilimia kumi yao, jua ni mazoea, si kodi. Waombe risiti ya serikali uone. Na wiki mbili walizokupa si sheria ya nchi, ni haraka yao. Waandikie kwamba familia iko kwenye mirathi, watajibiwa ikikamilika. Wakiondoka, bango la ng'ambo litavuta wengine.

Kile kigingi usiking'oe. Mhamishe mbuzi kwa siku moja, mjukuu akipige picha kinavyoonekana pamoja na kisima na kaburi, tarehe ionekane. Mwite mjumbe na jirani mmoja wakione, na mjumbe aandike kwamba hukuwahi kuruhusu upimaji. Kisha barua kwa kampuni, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa: waje wakitoe wenyewe, mbele ya mashahidi. Wakichelewa, mbuzi anaweza kurudi.